Tarehe ya Ukoo wa P na Kuingia Kwake kwa Melanogaster

Asili ya ukoo wa P, vile vipande vya DNA vinavyohamahama katika jenomu, ni kwa nzi wa matunda Drosophila willistoni, mwenyeji wa Amerika tangu Florida hadi Argentina. Anayesema P ni mzaliwa wa Drosophila melanogaster amepotoka. Melanogaster ni wa Afrika; alichukuliwa na watu hadi ng'ambo, akamkuta willistoni, P akavuka. Nzi hao wametengana kiasili mamilioni ya miaka, lakini katika besi 2,907 za P, wa huku na wa kule wanapishana besi moja tu. Aliyemvusha, wazee wa fani wanamtaja utitiri Proctolaelaps regalis, anayefyonza yai la huyu kisha la yule.

Hapa pana ugomvi, na sitaupita. Melanogaster wa zamani wa chupa za maabara, kina Canton-S na Oregon-R, hawana P hata mmoja; wa porini leo wanaye. Mtafiti William Engels alisema wa chupa walikuwa naye, akapotea kwa bahati. Margaret Kidwell akasema la, walikamatwa kabla P hajafika. Haki ni ya Kidwell. Kadiri nzi walivyokamatwa zamani ndivyo P anavyokosekana, na bahati haifuati miaka namna hiyo. P aliingia katikati ya karne ya 20, akaenea dunia nzima.

Kidwell huyo na wenzake ndio walioandika mwaka 1977 juu ya ajabu ya P: dume mwenye P akimpanda jike asiye naye, watoto hutoka tasa, hasa penye joto la nyuzi 29. Jike akiwa ndiye mwenye P, watoto ni wazima, kwa kuwa mama huweka ndani ya yai RNA fupi ziitwazo piRNA, nazo humnyamazisha P. Kinga hiyo baba hana ya kurithisha.

I na hobo, koo nyingine za vipande vinavyohamahama, nao ni wageni wa karne hiyo ya 20.

Turudi kwa P. Mwaka 1982 Allan Spradling na Gerald Rubin walimbebesha jeni ya rosy, akaiingiza ndani ya kromosomu, na kizazi cha nzi wenye macho ya kahawia kikapata macho mekundu. Ukoo gani mwingine wa nzi ulipata kazi hiyo kabla yake?

Wala hakutulia. Mwaka 2015 Robert Kofler na wenzake walitangaza kuwa P amewaingia Drosophila simulans, akitokea kwa melanogaster. Wa Afrika Kusini waliokamatwa 2012 walikuwa naye. P wa simulans wote wana badiliko moja la besi, ambalo kwa melanogaster ni la wachache. Basi yaelekea P alivuka mara moja tu.