M-Pesa ilianza kama deni, sisi ndio tuliigeuza

Kuna kitu karibu kila mtu wa rika langu anakijua. Unataka kulipa 200 kwa kibanda, kwa simu uko na 70, na simu inakuuliza kama ijazie iliyobaki na Fuliza. Unabonyeza ndiyo bila hata kufikiria. Kesho mtu anakutumia 500, na kabla hujapanga itafanya nini, imeshakatwa. Tunacheka, tunapiga meme, maisha inaendelea.

Mimi pia hucheka. Lakini juzi nilikaa chini nikaanza kufuatilia hii stori ilitoka wapi, na nikapata kitu ambacho sikufunzwa shule. Tunaambiwa kwamba Kenya ilianzisha njia ya kutumiana pesa kwa simu na dunia nzima ikashangaa. Hiyo ni kweli, ila ni nusu ya stori. Nusu ingine ni kwamba M-Pesa haikuundwa ili tutumiane pesa. Iliundwa ili watu walipe mikopo. Wakenya wa kawaida ndio waliipa kazi ingine. Na mikopo ikangoja nje ya mlango karibu miaka 6, halafu ikarudi.

Wacha nianze nyuma kidogo, kwa wale waliozaliwa wakati simu tayari iko mezani.

Mwaka wa 2000, kampuni ya Vodafone ya Uingereza ilikuwa imenunua asilimia 40 ya Safaricom, na Michael Joseph akaletwa kuiongoza. Mwaka huo huo Kencell, ambayo leo ni Airtel, ikaingia sokoni. Simu ilikuwa kitu cha mdosi. Kama ulikuwa unafanya kazi Nairobi na mamako yuko Kakamega, pesa ya mwisho wa mwezi ilisafiri kwa njia tatu. Ulienda Posta ukajaza fomu na kupiga foleni. Au ulimngoja mtu wa kwenu anayesafiri. Au uliweka noti kwa bahasha, ukampa konda au dereva wa basi, na ukaomba Mungu afike nayo. Kila familia ina stori ya bahasha iliyopotea.

Simu ziliposhuka bei, watu walianza ujanja wao. Unanunua kadi ya kredo Nairobi, unakwaruza, unatuma zile namba kwa meseji hadi kijijini. Shangazi anaziuza kwa mwenye duka, anapewa pesa taslimu, mwenye duka anabaki na faida yake kidogo. Sambaza ilipokuja, kazi ikawa rahisi zaidi. Hakuna benki iliyopanga hiyo biashara. Watu waliona kwamba kredo ni kitu chenye thamani, kinasafiri kwa sekunde, na hakiwezi kuporwa njiani. Tayari walikuwa na pesa ya simu, haikuwa na jina tu.

Sasa twende 2005. Ndani ya Vodafone kulikuwa na Mwingereza anaitwa Nick Hughes, aliyepata wazo la kutumia simu kusaidia watu wasiofikiwa na benki. Serikali ya Uingereza, kupitia idara yake ya misaada, ilitoa karibu pauni milioni 1, na Vodafone ikaongeza ya kwake. Mwenzake Susie Lonie akatumwa Kenya kuifanya ifanye kazi. Mpango ulikuwa huu: kampuni ya mikopo midogo, Faulu Kenya, ina wateja walio kwenye vikundi. Kila mkutano watu wanabeba pesa taslimu kulipa mikopo yao, jambo linalokula muda na lenye hatari. Kama wangelipa kwa simu, mikopo ingefika watu wengi zaidi kwa gharama ndogo. Huo ndio ulikuwa mpango mzima: mkopo unatoka kwa simu, malipo yanarudi kwa simu.

Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika. Yalikuwa madogo sana, wateja hawakufika 500 na maduka ya ajenti yalikuwa 8. Na hapo ndipo inakuwa tamu, kwa sababu watu hawakufuata mpango. Wenye biashara walianza kulipana wenyewe kwa wenyewe. Wengine waliweka mauzo ya siku kwa simu jioni wakayatoa asubuhi, ili wasilale na pesa kwa nyumba. Mtu akisafiri kutoka Thika kuja Nairobi, anaweka pesa Thika, anatoa akifika, njiani mfuko ni mtupu hata akiibiwa. Wengine walinunulia watu wao wa ushago kredo. Wengine walilipia wenzao mikopo, halafu wakalipwa kwa njia zingine.

Upande wa Faulu, ile kazi ya mikopo ilikuwa inasumbua. Hesabu za vikundi na hesabu za simu hazikuingiana vizuri. Tena kikundi kinafanya kazi kwa sababu watu wanakutana, wanaonana uso kwa uso, na wanajua nani amelipa na nani hajalipa. Ukilipa kwa simu, kwa nini uende mkutano?

Kwa hivyo Hughes na Lonie walifanya kitu ambacho kampuni nyingi hushindwa kufanya. Walikubali kwamba wateja wako sahihi na mpango wao haukuwa sahihi. Waliweka mikopo kando, wakabakisha jambo moja: tuma pesa nyumbani.

Tarehe 6 Machi 2007, M-Pesa ikafunguliwa kwa nchi nzima. Kumtumia mtu aliyejiandikisha ilikuwa shilingi 30, na kiwango cha juu ilikuwa 35,000 kwa mara moja. Haikuhitaji simu ya bei wala intaneti, kamulika mwizi ilitosha. Kabla mwaka haujaisha, wateja walikuwa wamepita milioni 1. Halafu uchaguzi wa Desemba 2007 ukaleta machafuko. Barabara zilifungwa, maduka yakafungwa, na watu waliokwama walitegemea ndugu zao kuwatumia kredo na pesa kwa simu. Wengi wa umri wa wazazi wetu waliiamini M-Pesa kipindi hicho.

Sio kila mtu alifurahi. Mwishoni mwa 2008, John Michuki, aliyekuwa akikaimu kama Waziri wa Fedha, aliagiza M-Pesa ikaguliwe. Swali halikuwa la kijinga: kampuni ya simu inashika pesa za mamilioni ya watu, na haina leseni ya benki. Benki Kuu ilikuwa imeiruhusu ianze bila sheria maalum ya pesa za simu, kwa sharti kwamba pesa za wateja zikae benki kwenye akaunti ya udhamini, na Safaricom isizikopeshe wala kula riba yake. Ukaguzi ulipoisha, M-Pesa ikaendelea. Lakini shika hilo sharti la kutokopesha, kwa sababu ndilo linaelezea kilichofuata.

Safaricom peke yake isingeweza kukopesha zile pesa. Ilihitaji benki. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, pamoja na benki ya CBA, ambayo leo ni sehemu ya NCBA. Unaweka akiba, unakopa, yote kwa simu, bila fomu na bila mdhamini. Historia ya matumizi yako ya simu ndiyo ilikuwa dhamana. Unakopa 1,000, unalipa 1,075 ndani ya siku 30. Kwa maneno mengine, deni la Thika lilikuwa limerudi, ila safari hii bila kikundi, bila mkutano, bila mtu wa kukuangalia uso na kukuuliza, "Wewe, hii pesa ni ya nini?"

Sasa tupige hesabu pamoja. 75 kwa 1,000 inaonekana kitu kidogo. Ni asilimia 7.5, na haikuitwa riba, iliitwa ada. Lakini ukikopa hiyo 1,000 kila mwezi kwa mwaka mzima, umelipa 900 kwa kutumia 1,000 ile ile. Hiyo ni asilimia 90. Mtu angekutajia hiyo namba mlangoni, ungeingia?

Baada ya hapo zikaja apu za mikopo, nyingi hadi zikapita 100. Hizi hazikuwa benki, kwa hivyo kwa muda mrefu hazikuwa chini ya Benki Kuu. Binamu yangu alikopa 3,000 kwa moja (jina naliacha) na akachelewa wiki moja. Waliwapigia watu wa chama chake. Wakampigia mwalimu wake wa zamani. Ile siku ya kuingia alibonyeza "kubali", na apu ikachukua namba zote kwa simu yake. Deni lilikuwa 3,000, lakini aibu aliyobeba huwezi kuipimia bei.

Watu walipiga kelele, na kelele zilifanya kazi. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa ili wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni, na kanuni zikatoka Machi 2022. Kuita watu walio kwa simu yako ili kukuaibisha kukapigwa marufuku.

Lakini Januari 2019 kulikuwa kumeingia kitu tofauti na mikopo yote iliyotangulia. M-Shwari lazima uifuate: ufungue menyu, uombe, ungoje jibu. Fuliza, ukishajiunga mara moja, inakufuata yenyewe. Inatokea ile sekunde umesimama kwa kibanda, mwenye duka anangoja, watu wako nyuma yako. Na kulipa hakuhitaji uamuzi wako, pesa ikiingia inakatwa. Oktoba 2022 ada zilipunguzwa, na deni la hadi 1,000 likapewa siku 3 bila ada ya kila siku. Mwezi uliofuata serikali ikaleta Hustler Fund kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Kwa hivyo bei imeshuka kwa kiasi fulani. Tabia ndiyo haijashuka.

Na simu yenyewe sasa ni deni. Nick Hughes alipotoka Vodafone, yeye na wenzake walianzisha M-KOPA, iliyoanza kwa kuuza sola za kulipia kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa. Usipolipa, taa haziwaki. Baadaye wakaingia kwa simu. Mwaka wa 2020 Safaricom na Google wakaleta Lipa Mdogo Mdogo, shilingi 20 kwa siku. Usipolipa, simu inajifunga. Yaani kile chombo unachotumia kutafuta pesa ndicho kinachofungwa ukikosa pesa.

Najua kuna mtu ataandika, "Buda, wacha kulia, deni sio dhambi." Na ako sawa. Mama mboga anayekopa saa kumi alfajiri akaenda Marikiti, akauza, akalipa jioni, huyo hajapotea. Mtu wa boda aliyekosa mafuta asubuhi anakopa ili aende kazi. Watafiti waliofuatilia M-Shwari waligundua kwamba familia zilizoweza kukopa zilipopatwa na shida zilipunguza kidogo mambo ya lazima zinayoacha kulipia. Hiyo ni faida ya kweli, siipingi.

Lakini ile sifa kubwa ya M-Pesa inayotajwa kila mahali, kwamba ilitoa familia 194,000 kwa umaskini, inatoka kwa utafiti wa Tavneet Suri na William Jack wa 2016. Na walichopima sio mikopo. Walipima watu walioishi karibu na ajenti, walioweza kutuma, kupokea na kuweka pesa. Kilichosaidia zaidi ni kile kitu watu wa Thika na Nairobi walijichagulia wenyewe. Kampuni zikitumia ile sifa kuuza mikopo, zinauza mkopo kwa jina la kitu kingine.

Ndio maana naona hii historia ina maana kwetu. Wale wateja wasiofika 500 wa mwaka wa 2005 hawakuwa wataalam. Hakuna aliyewauliza maoni. Walitumia kitu kwa njia iliyowafaa, na kampuni kubwa kutoka Uingereza ikabadilisha mpango wake. Miaka 16 baadaye, watu waliochoshwa na apu za aibu walisema imetosha, na sheria ikabadilika. Sisi ndio tuko zamu sasa, na maombi yangu ni mawili tu. Gharama ya mkopo wowote wa simu iandikwe kwa mwaka na kwa shilingi, kabla mtu hajabonyeza ndiyo. Na kila mtu aweze kujiwekea kikomo chake mwenyewe cha deni, kwa urahisi ule ule wa kukopa.

Kabla uandike hapo chini kwamba nina stress, fanya kitu kimoja. Piga *334#, omba taarifa ya M-Pesa ya mwezi uliopita, ujumlishe kila ada ya Fuliza uliyolipa. Usinitumie mimi hiyo namba. Ijue tu wewe, halafu kesho ukiwa kwa kibanda na 70 kwa simu, uamue ukiijua.