Masurufu ya Mtoto, si Utayari wa Shule

Fomu ilikuwa na safu yenye kichwa "Kiwango cha utayari wa shule". Mwalimu wa darasa la awali, aliyetakiwa kuijaza kwa ajili ya watoto walioandikishwa mwaka ule, aliijaza kama Kiswahili kilivyomwelekeza: madawati yapo, choo kipo, vitabu havitoshi. Aliyeileta fomu alinung'unika kwamba mwalimu hakuelewa swali. Mwalimu alielewa barabara. Utayari wa shule ni wa shule, kama uchovu wa mama ulivyo wa mama na ukali wa jua ulivyo wa jua. Aliyekosea ni mtafsiri wa "school readiness" ya Kiingereza, na kosa lake limekwisha kuenea katika ripoti, semina na mabango, likipigwa muhuri na kamati zisizosoma kwa sauti kile zinachokipitisha.

Dhana yenyewe haina ugeni. Mwaka 1990 Marekani ilijiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2000 kila mtoto aanze shule akiwa tayari kujifunza. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukaandika jambo linalofanana na hilo katika shabaha ya 4.2 ya Malengo ya Maendeleo Endelevu, na kuanzia hapo nchi zikahitaji namna ya kupima. UNICEF ikatunga maswali 20 ya kumuuliza mama au mlezi wa mtoto mwenye umri wa kati ya miezi 24 na 59. UNESCO, Benki ya Dunia, UNICEF na taasisi ya Brookings zilikuwa zimeanzisha MELQO mwaka 2014, mradi ambao vipimo vyake vilijaribiwa Tanzania pia. Vyote hivi vinauliza jambo moja: mtoto anapoingia darasani kwa mara ya kwanza, amekuja na nini?

Amekuja na nini. Si "yuko tayari?"

Tofauti hii ndiyo kiini cha ugomvi wote, na inashangaza kwamba waliokabidhiwa kazi ya istilahi wameipita kama wapita njia. Neno tayari katika Kiswahili halina ngazi. Chakula ama ki tayari ama bado, na hakuna mpishi anayetangaza kwamba wali uko tayari kwa asilimia arobaini. Hata asili yake inalikataza kupimwa. Limetufikia kwa njia ya Waajemi na Wahindi, na mzizi wake ni ule wa Kiarabu wa kuruka, uliotupa pia tiara, kishada cha watoto. Aliye tayari ni wa kuruka sasa hivi. Vipimo vinavyozungumziwa hapa vina ngazi nyingi, wala havina alama ya kufaulu.

Mwaka 2018 shirika la OECD lilipima watoto wa miaka 5 katika England, Estonia na Marekani, kwa hadithi na michezo kwenye vishikwambi: lugha, hesabu, uwezo wa kujidhibiti, na namna ya kuishi na wenzao. Mtoto wa England wa umri huo amekwisha kuingia shuleni. Wa Estonia bado yuko chekechea, kwa kuwa kwao shule huanza mtoto akiwa na miaka saba. Je, wote wawili walipimwa "utayari wa shule"? Mmoja shule imekwisha kumpokea, mwingine bado ana miaka miwili ya kuingoja. Neno linalovunjika katika nchi ya kwanza na ya pili halifai kuitwa istilahi ya kimataifa.

Utayari wa kweli Afrika Mashariki iliwahi kuupima, na watu wazima wengi wanaukumbuka. Mtoto alipitisha mkono wa kulia juu ya utosi akajaribu kugusa sikio la kushoto. Akiligusa, aliandikwa, asipoligusa, alirudishwa nyumbani hadi mwaka mwingine. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa adimu, na mkono ulitumika badala ya kalenda. Lilikuwa swali la ndiyo au hapana, na neno utayari lingelifaa kikamilifu. Kuvibandika vipimo vya leo jina hilo hilo ni kuwarudisha watoto kwenye foleni ya masikio.

Walioona kasoro hiyo wamejaribu kuitibu, kila mmoja kwa kuongeza maradhi. Wapo waliopendekeza "tathmini ya msingi", wasikumbuke kwamba msomaji atafikiria shule ya msingi na mtihani wa darasa la saba. Wengine wakaja na "tathmini ya awali", nayo ikagongana na elimu ya awali, hata isijulikane kama kinachopimwa ni mtoto au darasa. "Kianzio" ni neno safi, lakini ni nukta tu: linasema mtoto yupo wapi bila kusema amebeba nini. Wazee wa pwani wana pamba, kwa maana ya chakula cha njiani, na lingefaa sana kama zao la shambani na mavazi ya vijana wa mjini visingekwisha kulimeza.

Mwandishi wa makala haya alipeleka neno masurufu mbele ya kikao kimoja cha istilahi miaka kadhaa iliyopita. Lilijadiliwa kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha chai, likawekwa kando kwa maelezo kwamba "lina harufu ya uhasibu". Hoja hiyo haikujibiwa siku ile kwa sababu mleta neno hakupewa nafasi. Inajibiwa hapa.

Masurufu ni matumizi ya safari: fedha, chakula, kila anachofungashiwa msafiri kabla ya kuondoka. Mzizi wake katika Kiarabu ni sadi, ree na fee, wenye maana ya kugeuza kitu au kukitoa mahali kukipeleka pengine. Kutoka mzizi huo tuna sarafu, kwa kuwa fedha hubadilishwa, na tuna sarufi, kwa kuwa maneno nayo hubadilika maumbo. Ndugu watatu, basi: kinachobebwa, kinachohesabiwa na kinachosemwa. Mtoto wa miaka sita huingia darasani na vyote hivyo. Mjumbe mmoja alidai kwamba neno hili ni jamaa wa israfu, yaani ubadhirifu, na kwa hiyo lina nuksi. Israfu huandikwa kwa sini, masurufu kwa sadi. Ni mizizi miwili tofauti, na anayeichanganya hapaswi kuketi katika kiti cha kuamua maneno ya wengine.

Na hiyo harufu ya uhasibu ndiyo inayolifaa neno. Kila mtumishi wa umma Tanzania anajua kwamba masurufu huchukuliwa kabla ya safari, na akirudi huyarejesha kwa kuonyesha yalivyotumika. Katika England, tangu Septemba 2021 kila mtoto hupimwa ndani ya wiki sita za kwanza za shule, na alama za kundi la kwanza zitatumika mwaka 2028, kundi hilo litakapomaliza shule ya msingi, kuonyesha shule zimewaongezea nini. Chuo Kikuu cha Durham, chini ya Peter Tymms, kilitengeneza kipimo cha namna hii tangu miaka ya 1990: mtu mzima huketi na mtoto mmoja, maswali huanza mepesi yakazidi ugumu, na hukoma makosa yanapokithiri. Mwisho wa mwaka mtoto hupimwa tena. Hayo ni marejesho ya masurufu, na anayedaiwa risiti ni shule.

Neno hili lina faida nyingine, iliyo kubwa kuliko zote. Mtoto wa Pemba aliyetangulia kwenda chuo cha Kurani huijua alifu, bee na tee kabla hajaiona a. Kipimo kinachouliza majina ya herufi za Kilatini pekee humwandikia sifuri. Mtoto wa Kiswahili husikia silabi, ba be bi bo bu, mapema kuliko anavyosikia sauti moja moja; ukimpa zoezi la vina lililotafsiriwa kutoka Kiingereza, maneno mengi atayaona yana vina, kwa kuwa ya kwetu huishia kwa irabu tano tu. Na upatanisho wa ngeli, unaowatoa jasho wageni watu wazima, yeye anao mdomoni bila kufundishwa. Ukisema "hayuko tayari" umeyafuta yote hayo kwa maneno mawili. Ukiuliza masurufu yake, huna budi kufungua mfuko uangalie.

Matumizi: masurufu ya lugha, masurufu ya hesabu, upimaji wa masurufu, alama za masurufu. Watakaosema ni geni wakumbuke kishikwambi, kilichochekwa hadi Sensa ya Tanzania ya 2022 ilipokitembeza nyumba kwa nyumba.

"Utayari wa shule" nao ubaki, kwa maana yake halali. Mwaka 2012 UNICEF ilieleza kwamba utayari una pande tatu: watoto, familia na shule zenyewe. Safu ya shule inahitaji jina, na jina lipo. Chini yake yaandikwe yale yale aliyoyaandika mwalimu: madawati yapo, choo kipo, vitabu havitoshi.