Kutoka Gisenyi hadi Mali: mfungwa anapelekwa wapi baada ya hukumu?

Kila mwezi wa nne, wakati wa Kwibuka, vijana wa kikundi changu hapa Rubavu huwa na maswali mengi kuhusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Wengi wao wamezaliwa Congo, upande wa pili wa mpaka, na habari hizi wamezipata vipande vipande. Safari moja swali lilikuwa hili: wale wakubwa wa Gisenyi waliohukumiwa Arusha, wako gereza gani? Kijana mmoja akajibu haraka kwamba wako hapo Nyakiriba. Wenzake wakakubali, maana Nyakiriba ndilo gereza wanalolijua.

Kumbe hapana. Hakuna hata mmoja wa Arusha aliyeletwa Rwanda kutumikia kifungo chake. Mimi si mwanasheria, nimemaliza sekondari tu, lakini jambo hili nimelisoma kwa muda na nataka kulieleza vizuri, kwa sababu naona watu wengi, hata wenzetu wa mashirika, wanajua hukumu ila hawajui njia inayofuata baada ya hukumu. Na ile njia ndiyo inayoumiza familia.

Sababu ya pili ni ya karibu zaidi. Katika kikundi chetu kuna kijana ambaye kaka yake mkubwa alihukumiwa. Siku ya hukumu mama yao alikuwepo. Wiki iliyofuata akaenda na chakula, akaambiwa huyo mtu hayupo tena hapa. Wapi? Hakuna aliyemjibu. Alizunguka karibu mwezi mzima kabla ya kujua mwanawe amehamishiwa wapi. Gereza silitaji, wala kosa silitaji. Ninachosema ni kwamba yule mama alijiandaa kwa hukumu, hakujiandaa kwa safari.

Sasa turudi Arusha.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tarehe 8 Novemba 1994, kwa azimio namba 955. Ilikaa Arusha, Tanzania, na washtakiwa wake walilala katika mahabusu ya Umoja wa Mataifa iliyojengwa ndani ya eneo la gereza la Kisongo, nje kidogo ya mji. Katika sheria yake, kifungu cha 26 kinasema kifungo kitatumikiwa Rwanda, au katika nchi yoyote iliyokubali kupokea wafungwa. Soma tena: Rwanda ndiyo imetajwa kwanza. Lakini nchi ya kwanza kusaini mkataba wa kupokea wafungwa ilikuwa Mali, mwezi wa pili 1999. Benin ikafuata mwaka huohuo, halafu Swaziland mwaka 2000. Baadaye zikaja Ufaransa, Italia, Sweden na Senegal. Rwanda yenyewe ilisaini 2008.

Kwa nini isiwe Rwanda tangu mwanzo? Kwanza, Rwanda wakati huo bado ilikuwa na hukumu ya kifo, iliyofutwa 2007, wakati Arusha adhabu kubwa kabisa ilikuwa kifungo cha maisha. Pili, magereza ya hapa yalikuwa yamejaa kupita kiasi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wafungwa na mahabusu walipita laki moja na ishirini elfu, katika majengo yaliyojengwa kwa sehemu ndogo tu ya idadi hiyo. Watu walilala kwa zamu. Msalaba Mwekundu ulikuwa unaleta sehemu kubwa ya chakula, na familia zilileta kingine. Kazi ya kumpelekea mfungwa chakula ina jina lake katika Kinyarwanda, wanaiita kugemura, na wamama walioifanya wanaikumbuka kama kazi ya shamba, kitu cha kila wiki, mvua au jua. Sisi watu wa Goma hatuhitaji kuelezwa. Aliyekuwa na ndugu Munzenze anajua kwamba mfungwa asiye na mtu wa kumletea sufuria ana shida mara mbili.

Kwa hiyo Arusha ilitafuta mbali. Na hapa naingia kwa mtu wa Gisenyi mwenyewe, Omar Serushago.

Serushago alizaliwa 1961, alikuwa mfanyabiashara, na mwaka 1994 alikuwa mmoja wa viongozi wa Interahamwe katika mji huu. Watu walitolewa kwenye nyumba na kwenye vizuizi vya barabarani wakapelekwa kuuawa katika makaburi ya mji, mahali palipoitwa Commune Rouge. Mahali hapo pana kumbukumbu leo, vijana wetu hupita hapo. Mwezi wa saba 1994 wauaji na wananchi wa kawaida walivuka pamoja kwenda Goma, karibu watu milioni moja kwa siku chache, na mama yangu aliwaona wakiingia. Alikuwa msichana. Anasema barabara ilikuwa haionekani kwa miguu ya watu.

Tarehe 9 Juni 1998 Serushago alijisalimisha Abidjan, Côte d'Ivoire. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo alikiri kosa la mauaji ya kimbari na makosa mengine matatu ya uhalifu dhidi ya binadamu. Alikubali kwamba aliua watu wanne kwa mikono yake, na kwamba wengine 33 waliuawa na wanamgambo waliokuwa chini yake. Tarehe 5 Februari 1999 akapewa miaka 15. Wengi waliona ni michache. Mahakama ilisema alijisalimisha mwenyewe, alikiri, alisaidia upelelezi na aliomba msamaha hadharani. Hata hivyo alikata rufaa akitaka ipunguzwe, na mwanzoni mwa 2000 rufaa ikakataliwa.

Ungefikiri kesho yake anapanda ndege. Wapi! Alikaa palepale Arusha karibu miaka miwili zaidi. Jambo la kwanza la kujua kuhusu njia hii ni kungoja. Wakati rufaa inasubiriwa mfungwa haendi popote. Rufaa ikiisha, Rais wa Mahakama ndiye anayechagua nchi, baada ya kuulizana na serikali ya nchi ile. Mfungwa anaweza kusema anapenda wapi, lakini hachagui. Nafuu iliyopo ni kwamba siku za kungoja hazipotei: muda wote tangu kukamatwa unahesabiwa ndani ya kifungo. Katika kungoja huko, mwaka 2001, Serushago aliitwa kutoa ushahidi katika kesi ya vyombo vya habari, ambayo mshtakiwa mmoja alikuwa Hassan Ngeze, mtu wa Gisenyi kama yeye, mhariri wa gazeti la Kangura.

Halafu tarehe 9 Desemba 2001 wakasafirishwa sita kwa pamoja, kundi la kwanza kabisa, kwenda Mali. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu. Jean-Paul Akayesu, bourgmestre wa Taba. Clément Kayishema, mkuu wa mkoa wa Kibuye, majirani zetu wa ziwani. Alfred Musema wa kiwanda cha chai Gisovu. Obed Ruzindana, mfanyabiashara. Na Serushago. Wanne kati yao walikuwa na kifungo cha maisha, Ruzindana miaka 25.

Angalia ramani. Toka Gisenyi hadi Bamako, ukipita juu kama ndege, ni zaidi ya kilomita 4,000. Wengi wa wafungwa wa Arusha walifungiwa Koulikoro, mji ulio kando ya mto Niger, mbele ya Bamako. Lugha ya sokoni huko ni Kibambara. Joto si kama la hapa, ambapo jioni tunavaa makoti. Mke anayetaka kumwona mumewe anahitaji hati ya kusafiria, viza, ndege mbili au tatu, na mahali pa kulala. Kwa familia nyingi maana yake ilikuwa kutomwona tena.

Ukifika kule, mambo yanagawanyika. Ratiba ya kila siku, saa za kutembelewa, nidhamu, vyote ni vya sheria ya nchi iliyokupokea. Lakini muda wa kifungo si wao wanaoushika. Mali haiwezi kukupunguzia hata mwezi mmoja bila Arusha. Ombi la kutoka mapema linakwenda kwa Rais wa Mahakama, na tangu 2012 kwa chombo kilichorithi kazi hizo, ambacho nacho kina ofisi Arusha. Msalaba Mwekundu wa kimataifa unaruhusiwa kuingia kukagua vyumba na kuongea na wafungwa. Hapo ndipo sheria inapoishia.

Wengine wa Gisenyi walifuata njia ileile. Ngeze alipewa kifungo cha maisha 2003, rufaa ikakishusha hadi miaka 35, akapelekwa Mali mwezi wa kumi na mbili 2008. Jean-Bosco Barayagwiza, mzaliwa wa Mutura, alipelekwa Benin mwaka 2009 na akafia huko mwezi wa nne 2010, hata mwaka hakumaliza. Théoneste Bagosora, kanali, mzaliwa wa Giciye, alipelekwa Mali 2012 akiwa na miaka 35 ya kifungo, akafa Bamako tarehe 25 Septemba 2021. Alikuwa na umri wa miaka 80.

Upande mwingine, waliohukumiwa hapa nchini, wale wadogo, tuseme hivyo, walikuwa wakionekana. Nguo ya pinki ni ya asiyehukumiwa bado, rangi ya chungwa ni ya aliyehukumiwa, na ukikaa Rubavu unazijua rangi hizo toka mbali. Walilima, walijenga, walipita barabarani kwa mistari. Mwokokaji aliweza kumwona aliyemuulia ndugu akibeba mawe. Sijui kama hiyo ilimponya au ilimchokonoa, pengine vyote viwili, lakini alijua yuko wapi. Wa Arusha walitoweka machoni. Mimi naona hiyo ilikuwa kasoro. Nazielewa sababu za 1999, msongamano na hukumu ya kifo. Baada ya 2008 sababu hizo zilikuwa zimepungua sana. Kule Mpanga, Nyanza, kulikuwa tayari na sehemu iliyotengenezwa kwa viwango vya kimataifa.

Na unajua nani aliingia humo? Watu wa Sierra Leone! Tarehe 31 Oktoba 2009 wafungwa wanane wa mahakama maalum ya Sierra Leone waliletwa Mpanga, kwa sababu kwao palionekana hapafai kuwafungia. Kwa hiyo Wanyarwanda wakafungwa Afrika ya Magharibi, na watu wa Afrika ya Magharibi wakafungwa Rwanda. Charles Taylor wa Liberia, aliyepelekwa Uingereza 2013, aliomba naye ahamishiwe Rwanda, akidai familia yake haiwezi kumtembelea. Ombi lake lilikataliwa 2015.

Nyinyi wa mashirika mnaosoma hapa: familia ya mtu aliyehukumiwa ikija kwenu, msiiulize tu kosa ni nini. Iandikieni kwenye karatasi majina yote matatu ya mfungwa kama yalivyo kwenye hati, namba ya kesi, na tarehe ya hukumu. Mweleze mama kwamba baada ya hukumu kuhamishwa ni jambo la kutarajia, na kwamba aulize mapema, siku ileile ya hukumu, ni gereza gani. Akipotea, Msalaba Mwekundu hubeba barua za familia hadi magerezani. Mama wa yule kijana alizunguka muda wote ule bila kujua kwamba kitu kama hicho kipo.

Kuna kituo kimoja zaidi katika njia hii. Anatole Nsengiyumva, aliyekuwa mkuu wa jeshi Gisenyi mwaka 1994, alipewa maisha, na tarehe 14 Desemba 2011 rufaa ikashusha hadi miaka 15. Alikuwa amekamatwa tangu 1996, kwa hiyo siku hiyohiyo kifungo kikawa kimekwisha. Hakwenda Mali. Hakwenda popote. Nchi zilimkataa, Rwanda aliiogopa, akabaki Arusha kwenye nyumba ya Umoja wa Mataifa karibu miaka kumi pamoja na wengine kama yeye. Mmoja wao alikuwa Protais Zigiranyirazo, mzaliwa wa Giciye, ambaye rufaa ya 2009 ilimwachilia huru kabisa. Desemba 2021 wanane kati yao wakapelekwa Niger. Kabla mwezi haujaisha serikali ya Niger iliamuru waondoke, hati zao zikachukuliwa, na wakakaa Niamey chini ya ulinzi wa polisi bila ruhusa ya kutoka.

Niliposimulia hapo, msichana mmoja akauliza: kwa hiyo na hao ni wakimbizi kama sisi? Nikamjibu kwa sheria. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 una kifungu cha 1F, kinachomnyima ulinzi mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini kwamba alifanya uhalifu wa namna ile. Akafikiri kidogo. "Na yule aliyeachiliwa?" Tukabishana mpaka mvua ikatufukuza.