Oili Moja, Kazi Tatu: Historia ya Mafuta ya Pikipiki

Aliye na daftari na alitoe, maana mwishoni yako maneno machache ya kunakili.

Tumepata barua ya kijana mmoja anayechukua abiria kwa pikipiki. Asema kwamba siku zote alikuwa akinunua oili ya pikipiki, chupa ya lita 1. Kisha jamaa yake akampa dumu la oili ya gari, mpya, ya namna ya kisasa kabisa, naye akaona ni bahati, akaitia. Hazikupita siku nyingi, akipanda mlima na abiria nyuma, injini yanguruma kwa nguvu lakini pikipiki haiongezi mwendo. Fundi alimwambia pleti za klachi zimekwisha. Akanunua nyingine, akafungiwa, akatia tena oili ile ile ya dumu. Baada ya muda mambo yakawa yale yale. Sasa auliza: je, ameuziwa pleti za bandia, au fundi amemdanganya?

Ndugu yetu, huenda si hili wala si lile. Yafaa kwanza kuitazama oili yenyewe, na ili tuielewe, yatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia.

Mwaka 1885, huko Ujerumani, Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach walifunga injini ya petroli katika kiunzi cha mbao chenye magurudumu. Miaka 9 baadaye, yaani 1894, kampuni ya Hildebrand & Wolfmüller ya mji wa Munich ikaanza kutengeneza pikipiki za kuuza. Katika pikipiki nyingi za zamani zile, oili haikuzunguka na kurudi kama ilivyo leo. Mwendeshaji aliichukua katika tangi dogo, na penye tangi palikuwa na pampu ya mkono. Akienda mwendo kidogo, huipiga pampu mara moja. Oili ikaingia katika injini, ikafanya kazi yake, kisha ikaungua au ikamwagika njiani. Kipimo chake kilikuwa moshi. Akigeuka nyuma asione moshi, huongeza oili. Akiona wingu, hungoja. Aliyesahau, pistoni ilikwama katika silinda, naye akaja nyumbani kwa miguu.

Na oili gani? Waendeshaji wa mashindano walipenda mafuta ya nyonyo, ndiyo yale yale waliyotunywesha wazee kwa kusafisha tumbo. Nyonyo hushika chuma vizuri hata penye joto kali, lakini huacha utomvu unaoganda ndani ya injini, basi mashine ilitaka kufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara. Mwaka 1909 kampuni ya Charles Wakefield ya Uingereza ilitoa oili iliyotiwa nyonyo, ikaiita Castrol, jina lililotokana na jina la nyonyo kwa Kiingereza.

Katika siku zile muuzaji alisema tu, "Hii nzito, hii nyepesi." Mwaka 1911 chama cha wahandisi wa Marekani kiitwacho SAE kilianza kuzipanga oili, na katika mpango huo zimetoka namba tunazoziona juu ya makopo, kama 40 au 20W-50. Tafadhali shikeni jambo hili: namba hizo zaeleza uzito wa oili inapotiririka, basi. Hazisemi kama oili yafaa klachi yako.

Sasa tuje kwenye klachi yenyewe. Pikipiki nyingi za Kiingereza, kama BSA, Triumph na Norton za miaka ya 1950, zilikuwa na vyumba mbalimbali: injini na oili yake, gia na oili yake, na mnyororo wa kwanza pamoja na klachi na oili yao. Mwenyewe alinunua na kupima mara tatu. Hapana shaka ilikuwa taabu, lakini kila kazi ilipata mafuta yaliyoifaa.

Mwaka 1958 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki ndogo, Super Cub. Ndani yake injini, gia na klachi vilikaa pamoja, vikatumia oili moja. Honda haikuwa ya kwanza kufanya hivyo, lakini ilieneza jambo hilo ulimwenguni. Kufika mwaka 2017 pikipiki za ukoo wa Super Cub zilizotengenezwa zilitimia milioni 100. Kisha 1976 ikaja CG125. Wahandisi wake walikuwa wamejua kwamba katika nchi nyingi pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na oili hubadilishwa kwa kuchelewa. Wakaunda injini sahili, ambayo vali zake huinuliwa kwa vijiti. Injini nyingi za Kichina tunazoziona barabarani kwetu zimefuata mfano huo.

Basi katika injini ya namna hii iko oili kama lita 1 tu, nayo ina kazi tatu. Pistoni yataka utelezi. Meno ya gia yaisaga oili bila huruma. Na pleti za klachi, ambazo springi huzibana pamoja humo humo ndani ya oili, zataka zishikane! Kwa miaka mingi mgongano huu haukuleta taabu kubwa, kwa kuwa oili za gari za wakati ule hazikuwa mbali na za pikipiki. Lakini petroli ilipopanda bei sana mwaka 1973 na baadaye, watengenezaji wa oili za gari walitafuta njia ya kupunguza matumizi ya petroli; wakafanya oili nyepesi zaidi, wakatia na dawa za kupunguza msuguano. Gari la gia za mkono halidhuriki, maana klachi yake hukaa pakavu, nje ya injini. Pikipiki yaweza kudhurika.

Kwa sababu hiyo mwaka 1998 Wajapani walitoa kanuni ya JASO kwa oili za pikipiki za injini ya mipigo minne. Nakilini: MA ni kwa klachi iliyomo ndani ya oili, MB huteleza zaidi, nayo ni kwa skuta ambazo klachi yao haimo ndani ya oili ya injini. Mwaka 2006 MA iligawanywa kuwa MA1 na MA2, na MA2 ndiyo yenye kushika zaidi. Tena, ukiona juu ya kopo maneno "Energy Conserving" au "Resource Conserving", oili hiyo iache kwa mwenye gari.

Nawe kijana wetu, kabla ya kutoa hata senti, tazama waya wa klachi. Ukikazwa mno, pleti huteleza hata kama oili ni njema. Ukiwa na uhuru wake kidogo, washa injini ipate moto, zima, mwaga oili yote, kisha tia ya MA au MA2 yenye namba iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki yako. Endesha siku chache. Pleti ambazo hazijaungua zaweza kushika tena. Zikiendelea kuteleza, mwombe fundi azifungue mbele yako: zilizokuwa nyeusi na kunuka moto, au zilizopungua unene chini ya kipimo cha kitabu, hazina dawa ila kubadilishwa.

Juma lijalo, saa hii hii, tutaanza habari ya mafuta ya breki, ambayo nayo hapo mwanzo yalichanganywa na nyonyo. Kwa herini.