Shaaban Robert Nje ya Darasa

Kwa vizazi vya wanafunzi wa Tanzania na Kenya, Shaaban Robert alikuwa Kusadikika. Riwaya hiyo ya 1951, yenye kesi ya Karama na mshtaki wake Majivuno, ilisomwa kwa ajili ya mtihani: dhamira, wahusika, tamathali za semi, kisha ikarudi kabatini. Wengine walikutana pia na Adili na Nduguze. Vitabu vingine vya mwandishi huyu, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, vilibaki vikingoja wasomaji waliokwisha kumaliza shule.

Uchapaji wenyewe ulichangia. Diwani ya Pambo la Lugha ilipigwa chapa Johannesburg, mbali mno na mabaraza ya washairi wa Tanga. Kufikirika iliandikwa katika miaka ya 1940 lakini ikatoka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zikafuata 1968.

Majina nayo hupoteza watu. Anayefungua Utenzi wa Vita vya Uhuru akitarajia Maji Maji au TANU hukuta Hitler na Mussolini, kwa kuwa utenzi huo mrefu unasimulia vita vya 1939 hadi 1945. Omar Khayyam kwa Kiswahili, ya 1952, imepitia mkono wa FitzGerald: Mwajemi alifika Tanga kwa njia ya Kiingereza. Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka 1958, unamfuata mwimbaji wa taarab kutoka Fumba, Unguja, hadi Bombay alikokwenda kurekodi santuri mwaka 1928. Shuleni mwalimu wa maadili ndiye aliyesikika zaidi; hapa anaonekana mwandishi anayemsikiliza mwanamke wa tabaka la chini na kumpa heshima ya kitabu kizima.

Lakini kinachobadilika zaidi msomaji akishapevuka ni Maisha Yangu. Mwandishi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, mtu wa forodha na uhamisho, aliyepelekwa Pangani na baadaye Mpwapwa. Alifiwa na mkewe Amina. Utenzi wa Hati, aliomtungia bintiye Mwanjaa, na Utenzi wa Adili, aliomtungia mwanawe Suleiman, zimo humo. Kijana huuona wa Hati kama orodha ya mawaidha, na pengine huchoka nao mapema. Mzazi huusoma akijua kwamba mshauri ni mjane.

Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zilichapishwa baadaye kabisa, mwandishi akiwa kaburini kwa takriban miaka 40. Humo hakuna Karama wala Majivuno. Kuna mambo ya ukoo, kazi, na miswada inayotafuta mchapaji.