Mbegu Zinazongoja Mwanga

Kila masika, hapa Gando, bibi yangu alikwatua shamba la muhogo kisha akaliacha. Mvua za kwanza zikinyesha, magugu yalichipua kama zulia. Ndipo alipopita na jembe, akayaparua juu juu tu yangali machanga, na baada ya hapo akapanda. Nikiwa mtoto nilidhani anachelewa.

Sasa najua alikuwa akiimaliza akiba iliyo chini. Udongo ni ghala la mbegu. Mbegu nyingi za magugu ni ndogo mno. Zikifukiwa chini sana hazina nguvu ya kufika juu. Kwa hiyo hungoja dalili: unyevu, joto linalopanda mchana na kushuka usiku, na mwanga. Mwanga uliochujwa na majani huzipa nyingi kati yao habari kwamba juu pana kivuli, nazo huendelea kulala. Mwaka 1879 William Beal alizika chupa za mbegu huko Michigan, Marekani. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 bado ilitoa miche.

Hapo ndipo ninapoisoma upya historia ya Pemba. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja; Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, ikawa kisiwa cha karafuu. Misitu ilifyekwa, mwanga ukafika chini, na mbegu zikaamka. Mikarafuu michanga ilihitaji palizi bila kikomo, na waliopalilia walikuwa watumwa.

Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alifuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Wenye mashamba na maofisa wa Kiingereza wakaanza kulalamika kwamba mashamba yanamezwa na nyasi. Kumbe walikuwa wanatambua, kwa kuchelewa, kazi iliyokuwa ikifanyika bila ujira. Wengi walioachwa huru walibaki, wakalima muhogo wao kati ya mikarafuu, na jembe lao likaendelea kuweka shamba safi.

Vitabu vyetu huhesabu magunia ya karafuu. Palizi haina gunia. Nayo mikarafuu ilikuja kutoka mbali, Maluku, lakini haikuitwa gugu, kwa kuwa kulikuwa na watu waliolazimishwa kuilea.

Mwaka huu nililikwatua shamba la bibi, nikangoja mvua. Siku ya sita yalichipua. Nilichukua jembe, nikaparua juu juu.