Malungu, majembe na vijito vya Ufipa

Ukitazama nyasi zilizoizunguka Namanyere, usidhani mkono wa mtu haumo. Zamani wahunzi wa Kifipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma kikawa majembe, majembe yakafungua mashamba. Na mkaa je? Ulitoka mitini.

Sasa fuata maji. Kijito chenye miti kina kivuli, na majani yanayodondoka hulisha wadudu wa majini, ambao nao huliwa na samaki. Ukikata miti, jua linapasha maji, mvua inashusha udongo, tope linaziba nafasi kati ya mawe, yaani nyumba za wadudu wale.

Tena haliishii hapo. Vijito vya magharibi mwa Ufipa huingia Ziwa Tanganyika. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walionyesha kwamba ziwani humo, penye tope jingi kutoka ardhi iliyofyekwa, aina za viumbe ni chache.

Malungu yalishazimika, ila jembe bado tunalo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Shamba lenu je, linaishia wapi?